Mwonekano wa saratani ya tumbo baada ya kutibu H. pylori

SWALI

Habari za kazi, Daktari. Mimi ni daktari wa kawaida katika hospitali ya mkoa. Kitengo chetu cha endoskopi (kutazama ndani ya mwili kwa kamera) kina mashine moja na hatuna bingwa wa mfumo wa chakula. Nina mgonjwa, mama wa miaka 58, ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya tumbo. Miaka miwili iliyopita alitibiwa H. pylori, bakteria wa tumboni, kwa siku 14, na kipimo cha kinyesi kilichofuata kilionyesha bakteria hawapo. Juzi nilimfanyia OGD (endoskopi ya tumbo) kwa sababu ya kichefuchefu. Utando wa tumbo ulikuwa umetulia, ila kwenye antramu (sehemu ya chini ya tumbo) kulikuwa na eneo dogo jekundu, limebonyea kidogo, kama milimita 10, na mipaka yake sikuipata vizuri. Nilichukua vinyama viwili vya kupima. Majibu yamekuja: gastritisi sugu (mchomo wa tumbo wa muda mrefu), metaplasia ya utumbo (utando wa tumbo kugeuka kama wa utumbo), mabadiliko madogo ya seli za juu, hakuna saratani. Nimewahi kusikia kwamba saratani inayogunduliwa baada ya bakteria kuondolewa huwa na sura tofauti. Ni kweli? Na kama dawa zinazuia saratani, inakuwaje impate mtu aliyekwisha kupona? Nimwambie aende zake au nimrudishe mezani?

JIBU

Mrudishe, daktari mwenzangu, tena ndani ya wiki chache. Maelezo yanafuata, lakini hilo lije kwanza kwa sababu kuna mtu anasubiri.

Ndiyo, ni kweli. Saratani changa ya tumbo inayoonekana baada ya H. pylori kuondolewa mara nyingi huwa na sura ya upole kuliko ile tuliyofundishwa. Hujilaza, hupoteza mipaka yake, na juu yake hufunikwa na seli zinazofanana na za kawaida. Maelezo uliyoyatoa, yaani wekundu, kubonyea kidogo, udogo wake, kukaa kwenye antramu na mipaka isiyoshikika, ndiyo picha ambayo wenzetu wa Japani wameieleza kwa miaka mingi. Sisemi mama ana saratani. Nasema vinyama viwili na jibu la namna hiyo havitoshi kusema hana.

Nianze na swali lako la pili, la saratani kumpata aliyekwisha kupona, maana likieleweka hilo, suala la sura linakuwa jepesi.

Dawa zinapunguza saratani, na ushahidi wake ni mzito. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren waliwaotesha bakteria hawa maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982. Kufikia 1994 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imeshawaweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2001 Wajapani walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 1,246 wenye bakteria na 280 wasio nao, kwa wastani wa miaka 7.8. Watu 36 walipata saratani ya tumbo, na wote walitoka katika kundi lenye bakteria. Huko Linqu, katika jimbo la Shandong nchini China, watu waliopewa amoksilini na omeprazole kwa wiki mbili tu mwaka 1995 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20, na saratani kwao ilipungua kwa takriban nusu. Ukijumlisha majaribio yote makubwa, punguzo linaangukia hapo hapo, karibu nusu.

Nusu. Ina maana kuna nusu nyingine inayobaki, na mgonjwa wako anaweza kuwa ndani yake.

Utafiti uliotufungua macho kuhusu nusu hiyo ulifanyika Changle, jimbo la Fujian, China, ukachapishwa 2004. Watu 1,630 wenye H. pylori waligawanywa, wengine wakapewa dawa halisi na wengine dawa bandia, wakafuatiliwa miaka saba na nusu. Waliopata saratani ni 7 kwa waliotibiwa na 11 kwa wasiotibiwa. Kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito, na wengi walivunjika moyo. Lakini watafiti walipowatazama peke yao wale ambao mwanzoni utando wao ulikuwa bado haujasinyaa wala kugeuka metaplasia, waliotibiwa hawakupata saratani hata mmoja, ilhali wasiotibiwa walipata sita. Dawa ile ile, bakteria wale wale. Kilichotofautiana ni hali ya utando siku dawa ilipoanza.

Hapo tunarudi kwenye ngazi aliyoieleza Pelayo Correa, mwanapatholojia wa Kolombia. Bakteria huleta mchomo sugu. Miaka inapopita tezi za tumbo husinyaa, kisha mahali pake hujengeka utando unaofanana na wa utumbo, ambao ndio metaplasia. Baadaye huja displasia, yaani seli kuvurugika, na mwishowe saratani. Safari hiyo huchukua miongo. Mtu akitibiwa akiwa ngazi za chini, safari huishia pale. Akitibiwa akiwa ameshapanda, bakteria hufa lakini seli zilizokwisha kuharibika jeni hubaki na uharibifu wake, na baadhi huendelea na safari bila kumhitaji tena aliyezianzishia. Wengine, nadhani ni wengi kuliko tunavyokiri, tayari walikuwa na saratani ndogo isiyoonekana kwa jicho siku walipomeza kidonge cha kwanza. Ikigunduliwa miaka miwili baadaye tunaiita saratani ya baada ya tiba, kumbe ilikuwapo muda wote.

Na hatari haifungwi kwa tarehe. Wajapani waliwafuatilia watu 2,737 waliofaulu tiba, wengine kwa zaidi ya miaka 20, na wakaona saratani 68. Baadhi zilitokea katika muongo wa pili, na katika muongo huo aina ya saratani iliyotawanyika, ile ya seli zisizojipanga, ilianza kuonekana zaidi, hata kwa watu ambao usinyaaji wao ulikuwa mdogo.

Sasa sura yenyewe.

Tumbo lenye H. pylori huwa jekundu kote, limevimba, mikunjo minene, ute mzito unaonata. Uvimbe wa saratani changa ukiwa humo mara nyingi huwa na ukingo unaoonekana. Bakteria wakiondoka, mchomo hupoa, wekundu wa jumla huisha, ute huwa mwepesi, na kwenye mwili wa tumbo, ikiwa tezi zilisalimika, unaweza kuona tena vile vishipa vidogo vilivyopangika kama nukta. Daktari anayefanya OGD hulitazama tumbo la namna hiyo na kulipenda. Hapo ndipo macho yanapolegea.

Ndani ya utulivu huo hutokea jambo ambalo usipolijua litakuchanganya. Yale maeneo ya metaplasia, ambayo mwanzo yalionekana meupe kidogo kuliko utando mwekundu uliovimba kando yake, baada ya tiba hubaki yakiwa mekundu kuliko jirani zake waliopoa. Bahari ikipwa, miamba iliyokuwa chini ya maji hujitokeza bila yenyewe kusogea, na hapa ni hivyo hivyo. Wajapani huuita wekundu huu wenye madoa yaliyobonyea kidogo "wekundu wa ramani", na uainishaji wa gastritisi wa Kyoto umeuweka kama alama ya tumbo lililotibiwa. Wekundu wa ramani wenyewe si saratani, ingawa huonekana zaidi kwa watu wanaokuja kupata saratani baada ya tiba. Shida yake ni kwamba saratani changa ya baada ya tiba nayo ni jekundu, nayo imebonyea, nayo ni ndogo, mara nyingi chini ya milimita 20, na hupenda kukaa katikati ya madoa hayo hayo. Katika uainishaji wa Paris nyingi huangukia aina 0-IIc, yaani ya kubonyea. Hata zile zilizokuwa zimeinuka kabla ya tiba zimewahi kuonekana zikijilaza miezi michache tu baada ya bakteria kuondolewa.

Ukiisogelea kwa mwanga wa NBI, ule maalum unaokoleza vishipa, na kamera ya kukuza, ulitarajia kuona mstari unaotenganisha ugonjwa na uzima, na ndani yake vishipa na vijitundu vya tezi vilivyovurugika. Baada ya tiba, sehemu ya saratani hizi huonyesha vijitundu vya mviringo au vya mirija vilivyopangika vizuri, vinavyofanana na vya jirani, na mstari hupotea. Wataalamu wamelipa hali hiyo jina linalojieleza, mwonekano wa kama gastritisi. Kwa hiyo usijilaumu kwa kutoiona mipaka. Huenda mipaka haikuwapo juu ya utando.

Sababu iko chini ya darubini, na ndiyo inayonifanya nisiridhike na majibu ya patholojia uliyopata. Juu ya saratani hizi hukutwa tabaka la seli ambazo viini vyake havikuvurugika sana, zimepangika, na zinakomaa kuelekea juu. Mahali pengine ni utando wa kawaida kabisa uliotambaa juu ya uvimbe. Mahali pengine ni seli zenye mabadiliko madogo tu. Kwa muda mrefu watu walibishana kama hizi za mabadiliko madogo ni utando mzima uliokuja kufunika au ni saratani yenyewe iliyobadilika. Uchunguzi wa jeni uliofanywa na watafiti wa Hiroshima ulikuta zina makosa ya jeni yale yale yaliyo katika saratani iliyo chini yake. Kwa maneno mengine, ni ugonjwa ule ule ukiwa umevaa ngozi ya upole. Bakteria na mchomo walikuwa wakizisukuma seli zigawanyike. Msukumo ulipokoma, seli za juu zilipunguza kasi na kuanza tena kukomaa.

Soma tena jibu lako la patholojia: "mabadiliko madogo ya seli za juu." Kinyama kidogo kilichokwangua juu kinaweza kuleta tabaka hili peke yake. Mwanapatholojia ambaye hakuambiwa kwamba mgonjwa alitibiwa H. pylori ana haki ya kuandika alichoandika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza mpigie mwanapatholojia, mweleze tarehe ya tiba, historia ya baba, na sura uliyoiona, umwombe azirudie slaidi hizo hizo. Simu hiyo haina gharama, na mara nyingi ndiyo inayobadilisha jibu. Kama ana mwenzake aliyezoea tumbo, wazitazame wote wawili.

Kisha mwandae mama kwa OGD nyingine. Anywe maji yenye simethikoni dakika 10 hadi 20 kabla, ili povu na ute viondoke. Tumbo lisipokuwa safi, kila nitakachokuambia hapa chini ni kazi bure. Jaza hewa ya kutosha mikunjo ifunguke, osha, na usiwe na haraka. Jumuiya ya endoskopi ya Ulaya inataka OGD ya kwanza ichukue angalau dakika 7 tangu kamera inapoingia hadi inapotoka, na kwa mgonjwa wa aina hii mimi ningeongeza. Najua foleni ya nje ikoje kwenye hospitali zetu. Mweke awe wa mwisho siku hiyo.

Litazame lile eneo kwa mbali kwanza, kwa mwanga mweupe, maana karibu sana rangi hupotea. Jiulize kama lina wenzake. Madoa mengi yanayofanana yaliyotapakaa antramu nzima huelekea zaidi kuwa metaplasia. Doa moja lililo tofauti na mengine kwa rangi, kina au umbo, hata kwa tofauti ndogo, ndilo la kulitilia shaka. Ona kama linavuja damu kirahisi ukiligusa kwa maji. Kama duka lenu la dawa linaweza kupata rangi ya indigo kamini, nyunyizia. Haihitaji mashine mpya, na hubainisha mabonde ambayo mwanga mweupe huyapita. NBI mkiwa nayo itumie, lakini usikubali sura iliyopangika ya NBI ikufanye ulifute doa lililokutia shaka kwa mwanga mweupe. Katika matumbo yaliyotibiwa, rangi na kina wakati mwingine husema kweli kuliko vishipa.

Vinyama vya doa lenyewe chukua vitatu hadi vinne vilivyolengwa, ndani ya bonde na kwenye ukingo wake, uviweke kwenye chupa yake. Halafu chukua vile vitano vya kawaida vya mfumo wa Sydney, viwili antramu, kimoja kwenye pindo la tumbo, viwili kwenye mwili wa tumbo, kwenye chupa tofauti na zilizoandikwa. Hivi vitakuambia usinyaaji na metaplasia vimeenea kiasi gani, na hilo ndilo litakaloamua arudi lini hata kama doa ni salama.

Majibu yakirudi "haijulikani" au "mabadiliko madogo" kwa mara ya pili huku jicho lako bado lina shaka, usiendelee kuchuna vinyama kila miezi miwili. Kila kovu unalolitengeneza linafanya ukataji wa baadaye uwe mgumu. Mpeleke kwenye kituo chenye uwezo wa kuutoa utando huo mzima kwa endoskopi, kwa sababu kipande kizima ndicho kinachoonyesha kilicho chini ya lile tabaka la juu. Ikiwa ni saratani iliyo bado ndani ya utando, ukataji huo huo unaweza kuwa ndiyo tiba.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuhakikisha, nacho ni kama bakteria kweli waliondoka. Uliza kile kipimo cha kinyesi kilifanywa lini. Kama kilifanywa kabla ya wiki nne kupita tangu antibayotiki ziishe, au akiwa bado anameza omeprazole ambayo hakuiacha kwa wiki mbili, kinaweza kuwa kimedanganya. Kipimo cha damu cha kingamwili usikitumie kabisa kwa kazi hii, kwa sababu hubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kufa. Umuhimu wa hatua hii unaonekana katika utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2020, uliohusu watu ambao mzazi, ndugu au mtoto wao alipata saratani ya tumbo, kama huyu mama. Waliopewa dawa walikuwa 832 na waliopewa dawa bandia 844, wakafuatiliwa kwa muda wa kati wa miaka 9.2. Saratani ilitokea kwa 10 katika kundi la kwanza na 23 katika la pili. Na kati ya wale 10, watano walikuwa bado wana bakteria, dawa hazikuwa zimefanya kazi.

Pengine kuna msomaji atakayejiuliza kama basi ni afadhali kutotibu, ili saratani isijifiche. Hapana kabisa. Tiba inapunguza idadi ya watakaougua, na hata waliokwisha kukatwa saratani changa hufaidika. Katika jaribio la Japani la mwaka 2008, wagonjwa 544 waliotolewa saratani changa kwa endoskopi waligawanywa, na ndani ya miaka mitatu saratani mpya iliwapata 9 kati ya waliotibiwa H. pylori, dhidi ya 24 kati ya wasiotibiwa. Ninachokisisitiza ni mpangilio. Mtu aliyepita miaka 50, au mwenye saratani ya tumbo katika familia, au anayepungua uzito, kutapika, kupungukiwa damu au kupata choo cheusi, atazamwe kwanza, kisha atibiwe. Kabla ya dawa ndipo utando unaposema mengi, na picha za siku hiyo ndizo utakazolinganisha nazo baadaye. Dawa zenyewe za kupunguza asidi zinaweza hata kufunga kwa muda kidonda ambacho ni saratani, mgonjwa akajisikia amepona. Ndiyo maana kila kidonda cha tumbo, si cha duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), kinarudiwa kutazamwa baada ya wiki 8 hivi, na vinyama vyake.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliwahi kuchapisha wagonjwa wake 232 wa saratani ya tumbo, na zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa au kukomaa. Watu hawa hawakuanza kuumwa wiki waliyofika. Wengi wa wagonjwa wetu hupita kwanza kwenye duka la dawa na kwenye kifurushi cha dawa za vidonda vya tumbo, mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kamera hata siku moja. Mabadiliko ya sura niliyoyaeleza ni ya saratani changa. Iliyokomaa haibadilishwi sura na antibayotiki, wala haiponywi nazo. Kinachoweza kupona kwa kutibu H. pylori peke yake ni limfoma (saratani ya seli za kinga) ya tumbo ya aina ya MALT ikiwa bado ya hatua za chini na haijasambaa, nao ni ugonjwa mwingine.

Ikiwa baada ya yote haya doa litakuwa metaplasia tu, mama bado si wa kuagwa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 ulitaka wenye usinyaaji au metaplasia iliyoenea warudi kwa endoskopi kila miaka mitatu, na wale kati yao wenye saratani katika familia kila mwaka mmoja hadi miwili. Kwa historia ya baba yake ningemwita mwaka ujao. Mwandikie tarehe kwenye kadi yake, pamoja na sababu, ili atakayekuta faili siku hiyo asisome "H. pylori hakuna" akamrudisha nyumbani.

Na muulize ana ndugu wangapi waliozaliwa na baba yule. Wao nao ni watoto wa mgonjwa wa saratani ya tumbo, sawa naye. Wapimwe H. pylori, wanaokutwa nao watibiwe na kupimwa tena baada ya wiki nne au zaidi, na waliopita miaka 50 watazamwe kwa kamera kabla ya kumeza dawa.